Ada tunalipa kila mwezi, mashindano watoto wetu wa Dodoma watayaona lini??

Wakuu habari za jioni, leo nina hasira kwelikweli mnivumilie.

Binti yangu ana miaka 11, anaogelea hapahapa Dodoma, jina la klabu silitaji. Ada nalipa, miwani na kofia nimenunua, sasa njoo kwenye mashindano! Kila nikiuliza naambiwa "mama, bado mdogo, mwache akomae kwanza". Akomae wapi, kwenye maji yaleyale na wenzake walewale? Juzi kulikuwa na gala (mashindano ya kuogelea) Dar, taarifa tunaletewa usajili umeshafungwa, na siku hizi kuna treni ya SGR, unapanda asubuhi mchana uko Dar, bado mtu anakulilia umbali.

Huyo wa "akomae kwanza" aje anieleze hapa. Michael Phelps, yule muogeleaji wa Marekani, Olimpiki yake ya kwanza Sydney 2000 alikuwa na miaka 15 na hakupata medali hata moja, wa tano mita 200 bataflai (mtindo wa kipepeo). Miezi michache mbele kavunja rekodi ya dunia ya mbio hiyohiyo, bado ana 15. Athens 2004 dhahabu 6, Beijing 2008 dhahabu 8. Summer McIntosh wa Kanada naye Tokyo ana miaka 14 akawa wa nne mita 400, Paris 2024 kaondoka na dhahabu 3. Na msiniletee habari za wenzetu wana hela, Kirsty Coventry ni wa Zimbabwe hapo, Sydney alienda bado yuko sekondari, 2004 akachukua dhahabu mita 200 za mgongo, jumla medali 7. Ndiyo, katikati alienda chuo Marekani, lakini Sydney alienda akitokea nyumbani.

Kuna vitu mazoezi hayakupi jamani. Filimbi ikilia moyo unapasuka, ukijirusha mapema umetolewa, ukimaliza nguvu zote mita 50 za kwanza unarudi unaburuza miguu, na kuna kuogelea mchujo asubuhi halafu fainali jioni mwili ushachoka. Hayo mtoto anajifunza kwa kushindwa, tena akiwa mdogo kushindwa hakumuumi sana. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alipelekwa hukohuko Sydney, bwawa la mita 50 ndo analiona kwa mara ya kwanza, mita 100 akatumia dakika 1 na sekunde 52. Watu wanamcheka mpaka leo, mi simcheki, nawalaumu waliompeleka hivyo.

Najua mtasema watoto watachoka mapema. Kweli hilo lipo, Ruta Meilutyte wa Lithuania dhahabu ya London 2012 kaipata na miaka 15, 2019 akastaafu ana 22 tu, baadae ndo akarudi akawa bingwa wa dunia tena 2022. Na wapo kibao wanaotamba utotoni ukubwani huwasikii. Ila mi medali sijaomba! Naomba binti ashindane na mtoto asiyemjua, basi.

Klabu ibandike kalenda ya mwaka mzima ukutani, na hata tukialikana na watu wa Morogoro tu kwa kuanzia inatosha. Wazazi wa Kisasa, Ilazo, Area D mnaolia kama mimi njooni PM twende kwa uongozi pamoja, mtu mmoja mmoja wanatuzungusha. Ada ya mwezi ujao mi naishikilia mpaka nione kalenda.