Mseto lazima unywe na chakula chenye mafuta?

dogo_wa_ubungo: Wakuu salama? Mdogo wangu kapimwa jana kakutwa na malaria, kapewa mseto, vidonge 24, anameza vinne vinne. Dada wa duka la dawa kasisitiza ale kitu chenye mafuta kwanza au anywe maziwa, sa dogo mwenyewe mdomo mchungu chakula hataki hata kukiona, afu bi mkubwa anasema dawa ukinywa tumbo tupu ndo inaingia haraka kwenye damu. Yupi yuko sahihi? Na mbona dozi ya pili ni baada ya masaa 8 afu kuanzia kesho yake ni kila masaa 12?

Kidongechekundu: Bi mkubwa kwa dawa zingine yuko sawa ila kwa hii hapana. Mseto una dawa mbili, artemeta na lumefantrini, na hiyo lumefantrini kwenye maji haiyeyuki kabisa, inataka mafuta. Ukila mafuta nyongo inamwagika utumbo mdogo inaiyeyusha ndo inapenya, bila hivyo nyingi inapita tu inaishia chooni. Walishapima kwa watu wasioumwa, waliokula mlo wa mafuta mengi lumefantrini iliingia mwilini kama mara 16 zaidi ya walionywa na njaa!! Ila msimlazimishe chipsi mayai jamani, glasi ya maziwa au uji wa karanga unatosha.

mzee_kificho: Mi miaka yote nanywa na chai ya rangi na napona. Afu si tunaambiwa maziwa yanaua dawa?

Kidongechekundu: @mzee_kificho hayo ya maziwa ni antibayotiki kama cipro na tetrasaiklini, kalsiamu inazishika tumboni haziingii. Mseto ni kinyume chake. Na kupona kwako ndo hapo penye mtego mzee wangu, artemeta inafyeka wadudu haraka homa inashuka unajiona mzima, ila ini linaivunja fasta, masaa machache tu imeisha, ndo maana dozi ya pili haisubiri 12. Wadudu waliobaki wanamaliziwa na lumefantrini ambayo inakaa mwilini siku kadhaa, sasa kama iliingia kiduchu wiki mbili tatu mbele unarudi maabara unasema umeng'atwa upya.

dogo_wa_ubungo: Nimekuelewa mkuu. Je akitapika?

nesi_mstaafu: Akitapika ndani ya saa moja arudie dozi yote, afu mkaombe vidonge vya kufidia maana pakiti itapelea, msije mkaruka dozi ya mwisho. Na mwanangu muulize kama anatumia dawa za TB, ile rifampisini inalichochea ini livunje mseto haraka kupita kiasi, dawa haifiki kiwango. Kama anatumia mrudisheni kwa daktari leo leo, msisubiri amalize.