Sangara wa kwetu kwa euro 24, na kunawishwa hakuna

Kutoka: aliye likizo Kirumba

Wana Mwanza wa ughaibuni, habari za siku. Wakubwa shikamooni.

Nipo nyumbani kwa mama tangu Jumanne. Upepo wa ziwa unaingia dirishani na hasira zimepungua, lakini hili lazima niliseme.

Tulipokuwa tunakuja kutoka Munich, mke wangu alitaka tupitie kaskazini mwa Italia, tulale siku mbili kwenye Ziwa Como. Sasa mtu wa Mwanza ukimtajia ziwa, tayari anawaza samaki. Tukaingia mgahawa ulio ukingoni kabisa, maji chini ya miguu, boti zinapita, nikasema leo nakula samaki wa watu. Chakula chenye sifa pale ni wali wa siagi uliowekewa juu minofu ya samaki wanayemwita persico. Nikaagiza sahani mbili, na tambi za mtoto.

Tulikaa kama dakika 40. Sahani zikaja. Tonge la kwanza tu nikaweka uma chini. Ndugu zangu, kabla sijaondoka nilifanya kazi miaka miwili kwenye kiwanda cha minofu hapa Mwanza, zamu ya usiku, buti za mpira, kisu mkononi na baridi ile inayoingia hadi kwenye meno. Sangara hata mnifunge kitambaa usoni nitamtambua. Persico wao ni kasamaki kadogo, mnofu wake mwembamba hauzidi kiganja. Huu ulikuwa mnene, unaachana mapande mapande, na ulikatwa kimshazari kutoka kwa samaki wa kilo kadhaa.

Mhudumu alipita mara tatu bila kutuangalia. Ya nne nikamdaka, nikamuuliza samaki huyu katoka wapi. Akasema, "Ziwani." Hakudanganya, ila hakusema ziwa gani.

Bili: euro 24 kila sahani ya samaki, euro 4 chupa ya maji, na euro 3 kwa kila mtu kwa kitu kinachoitwa coperto, hata mtoto wa miaka sita. Yaani tumelipia kukaa. Maji ya kunawa hakuna aliyeleta, ukitaka uende mwenyewe chooni.

Nilipomsimulia mama, alisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Na kichwa alikula nani?"

Tunarudi kwa njia hiyohiyo mwezi ujao. Wenzangu mnafanyaje?

Kutoka: dada wa Torino

Kaka pole, ila mimi niko jikoni huku mwaka wa tisa na sitakuunga mkono kwa yote. Picha ya menyu uliyonitumia pembeni nimeikuza. Chini ya jina la chakula pameandikwa kwa herufi za sisimizi: persico africano, halafu kinyota. "Africano" unajua mwenyewe. Kinyota maana yake kitu hicho kilikuwa kimegandishwa. Mteja lazima aambiwe, na wengi wanaambia kwa kinyota hicho. Kwa hiyo walisema. Walisema kwa kunong'ona, hapo nakubali.

Siku nyingine muulize mhudumu neno moja tu, "fresco?", umwangalie usoni. Na kama una moyo, omba kuona boksi. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya lebo ya samaki inapofika kwa mwenye mgahawa inatakiwa ionyeshe jina lake la kisayansi na alikovuliwa. Kama ni wa maji baridi, hata ziwa na nchi. Ukikuta Lates niloticus, yaani sangara, huyo ni ndugu yako wa soko la Mwaloni. Ila mgahawa haulazimiki kukuandikia hayo yote kwenye menyu, na ndipo wanapopumulia.

Coperto si wizi. Ni ya mkate, kitambaa na kusafisha meza, ilimradi iwe imeandikwa kwenye menyu. Haikuandikwa? Kataa. Imeandikwa? Kula huo mkate wote.

Na mhudumu kutokuangalia: huku kukuletea bili hujaiomba ni kama kukwambia nyanyuka. Anakuacha kwa heshima. Mwezi wa kwanza nilikaa saa mbili na nusu nasubiri bili, yeye anasubiri niombe. Tulikuwa tunaheshimiana mpaka wakafunga.

Kutoka: kaka wa Houston

Nyie mnalalamikia euro 3! Huku mhudumu anakuja kila baada ya dakika tano na meno yote nje, unafikiri umepata rafiki. Nilipofika mara ya kwanza niliacha dola mbili kwenye bili ya dola 60. Dada wa watu alinifuata hadi kwenye gari kuuliza kama alinikosea. Niliona aibu mpaka leo. Baadaye nikaelewa: kima cha chini cha shirikisho kwa mfanyakazi anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na hakijapanda tangu 1991. Majimbo mengine yanalipa zaidi, Texas wameng'ang'ana na hiyohiyo. Kwa hiyo ile asilimia 15 hadi 20 ndiyo mshahara wake. Mwajiri kamtuma kwako.

London ni kinyume, mara nyingi asilimia 12.5 imeshawekwa kwenye bili na ni hiari. Angalia bili kabla hujaacha nyingine juu yake.

Kutoka: mzee wa Ilemela

Vijana, mimi nilisharudi, nawasoma tu.

Huyo sangara msimwite wa kwetu kwa sauti kubwa sana. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950. Wenyeji ni furu na ngege, na wengi wao ni yeye aliyewala. Kwa hiyo kufika Como alikuwa anahama mara ya pili. Viwanda vilipochanganya hapa mjini miaka ya 1990, minofu ikapanda ndege, sisi tukaachiwa mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki. Mwanangu kalipa euro 24 kula kile ambacho alikikata mwenyewe bila kuruhusiwa kukionja.

Na huduma, msituharibie nyumba kwa kuisifia. Mwezi uliopita nilimpeleka mgeni mahali fulani ufukweni, tukaagiza sato wa kukaanga. Saa nzima na nusu. Binti yuko kwenye simu. Anakuja ananiambia, "Baba, sato ameisha, ila kuna kuku." Kwa nini hakusema mwanzo? "Nilikuwa nahakikisha." Lakini maji ya kunawa yalikuja haraka, tena ya moto. Tulinawa mara mbili.

Kutoka: aliye likizo Kirumba

Shikamoo mzee. Dada wa Torino, nimesalimu amri kwenye kinyota.

Leo alfajiri nimeenda Mwaloni na mama, tumerudi na sangara mzima. Kichwa kimechemshwa na ndimu, nimekula mimi. Bibi alipomletea mjukuu beseni na jagi, mtoto akarudisha mikono nyuma, akanigeukia: "Baba, hii nayo ni euro tatu?"