MJADALA: Kliniki za presha na sukari Nairobi ziwe na mshauri nasaha palepale, au tunasukumia umaskini kichwani mwa mgonjwa?

Mkaazi wa Umoja (mwanzilishi wa mada)

Nauweka msimamo wangu mezani, mniraruie hapa. Kila kliniki ya presha na sukari katika hospitali za umma za Nairobi iwe na mshauri nasaha mlango wa pili kutoka kwa daktari. Foleni ileile, faili ileile, bili iende SHA, bima ya afya ya serikali. Habari ya "chukua barua, nenda Mathari wiki ijayo", yaani hospitali ya wagonjwa wa akili, iishe, kwa sababu sote tunajua barua hiyo huishia kwenye mkoba.

Mtu anayelala na hofu usiku kucha mwili wake haupumziki. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, ini linaachia sukari kwenye damu. Ukifukuzwa na mwizi pale Kirinyaga Road utashukuru kuwa na mwili wa namna hiyo. Hali hiyo ikidumu miaka ni ugonjwa. Mwanasayansi Hans Selye aliliandika jambo hili tangu 1936. Mwaka 2004 utafiti wa INTERHEART, uliochunguza wagonjwa wa mshtuko wa moyo katika nchi 52, uliweka msongo wa mawazo na depresheni kwenye orodha moja na sigara, presha na kisukari.

Kliniki zetu zinasoma namba tu. 160 kwa 100, ongeza kidonge, rudi mwezi ujao. Hakuna anayeuliza kwa nini pakiti ya mwezi uliopita iko nyumbani haijafunguliwa. Mtu aliyekata tamaa hamezi dawa. Na halali, na anakunywa pombe zaidi, na chakula chake ni chai na mandazi. Saikolojia imeshaingia kwenye presha yake, mtake msitake.

Fundi wa Mukuru

Ndugu yangu, umeandika vizuri, lakini hebu shuka mtaani. Mei 2024, baada ya mafuriko, tingatinga zilipita kando ya mito huku Mukuru na kule Mathare. Watu walilala nje na watoto wao na mvua bado inanyesha. Sasa huyo presha yake imepanda, unamkalisha mbele ya mshauri amwambie avute pumzi taratibu?

Mawazo yake yako sawa kabisa, yanamwambia ukweli: hana nyumba. Mimi nikidaiwa kodi miezi mitatu na landilodi ametia kufuli, nikose kuwa na wasiwasi ndipo mnipeleke Mathari.

Na usiniambie habari ya SHA. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, basi. Mtu wa kibarua kama mimi anapigiwa hesabu ya mwaka mzima kabla ya kutibiwa. Hofu yangu ni kwamba huduma hii itakuwa njia ya bei nafuu ya kumfundisha maskini kuvumilia.

Nesi wa zamu ya usiku

Fundi ana hoja, na mimi naongeza yangu, maana nimeyaona kazini.

Ukimweka mshauri mlango wa pili, kuna daktari aliyechoka atakayeanza kumtumia kama jaa. Mgonjwa asiyeeleweka, "ni stress, peleka pale". Na mara nyingi ni mwanamke. Kuna mama mmoja, siitaji hospitali, alikuja analia ovyo, amechoka, amenenepa, hasikii joto. Akaambiwa ni mawazo ya nyumbani. Alikaa na ushauri huo muda mrefu mpaka mtu akafikiria kumpima tezi ya shingo, ikaonekana imelala. Upungufu wa damu nao unaweza kukufanya uonekane kama mtu mwenye depresheni. Kwa hiyo damu ipimwe kwanza, kuongea kufuate. Mkigeuza utaratibu huo mtazika watu.

Ila Mkaazi, hapo kwenye pakiti ambazo hazijafunguliwa umesema kweli tupu. Nafikiri hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko hata kotisoli.

Mshauri, Eastlands

Mimi ni wa kazi hiyo, na nitawashangaza: sikubaliani na mwanzilishi kwa yote.

Ushahidi una pande mbili. Mwaka 2003 Marekani walichapisha utafiti ulioitwa ENRICHD, wagonjwa zaidi ya 2,400 waliotoka kupata mshtuko wa moyo. Waliopewa tiba ya mazungumzo walipata nafuu ya moyo ule mwingine, wa huzuni. Vifo na mishtuko mipya havikupungua. Kwa hiyo yeyote anayeuza ushauri nasaha kama dawa ya kuzuia kifo, mwogopeni.

Lakini mwaka 2010, kwenye jimbo la Washington hukohuko Marekani, wagonjwa 214 wenye depresheni pamoja na kisukari au ugonjwa wa moyo walifuatiliwa na manesi ndani ya kliniki zao za kawaida. Nesi alizungumza nao, na papo hapo alihakikisha dawa za presha na sukari zinarekebishwa. Baada ya mwaka depresheni ilishuka, sukari ikashuka, na presha pia. Tofauti iko wapi? Kwangu ni hapa: walishughulikia vyote viwili kwa mkono mmoja. Chumba cha pili mlango wa pili bado ni vyumba viwili.

Na si lazima awe mtu wa digrii. Hapa hapa Nairobi kuna utafiti uliochapishwa 2017: wahudumu wa afya wa mitaani walifunzwa kuwasaidia wanawake waliopitia ukatili, vikao vitano tu, na wanawake hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Harare akina nyanya wanaketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki tangu 2006, na majaribio ya 2016 yalionyesha inasaidia. Sheria yetu inataka mshauri asajiliwe, sawa, naiheshimu. Lakini tukingoja waliosajiliwa watoshe Nairobi nzima tutangoja sana.

Mzee wa Kariobangi

Wanangu, mimi ni mgonjwa wa presha mwenyewe. Mlango ukiandikwa "ushauri nasaha" siingii. Watu wa rika langu tunajua maneno hayo tangu zamani za VCT, vile vituo vya kupima ukimwi kwa hiari. Nikionekana pale, jioni mtaa mzima unajua nina ukimwi.

Jambo la pili. Mpaka juzi, kujaribu kujiua ilikuwa kesi ya polisi. Mahakama Kuu iliiondoa Januari 2025. Nani angemfungulia mgeni moyo hospitalini akijua anaweza kutoka na pingu?

Mkaazi wa Umoja

Mzee, shikamoo. Hilo la mlango linamaliza nusu ya pendekezo langu kuliko tafiti zote hapo juu. Basi usiandikwe kitu, na anayezungumza na mgonjwa awe yuleyule anayempima presha.

Fundi, tingatinga ni kosa na litabaki kosa. Lakini aliyebomolewa ana 180 kwa 110 leo, na kesi ya ardhi itachukua miaka kumi. Atashika kiharusi kabla ya hakimu kurudi kutoka likizo. Kumsaidia leo hakumpi serikali msamaha. Na serikali haina kisingizio: jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 ugonjwa wa akili utangazwe dharura ya kitaifa, na sheria iliyorekebishwa 2022 inaipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi kwenye vituo vyake. Tangu 2023 tuna wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wana mashine ya presha na ya sukari mkobani. Waongezewe mafunzo.

Nesi wa zamu ya usiku

Kwa posho ya shilingi elfu tano kwa mwezi? Wabebe na huzuni za watu pia? Ongezeni pesa kwanza ndipo muongeze mafunzo.

Fundi wa Mukuru

Swali langu hamjalijibu. Huyo mtu wa kuzungumza na mgonjwa akisikia kwamba landilodi amenifungia, ana uwezo wa kufanya lolote? Kuandika barua kwa chifu, kuniombea punguzo la bili? Kama anao, niko ndani. Kama kazi yake ni kutikisa kichwa, hapana.

Nesi wa zamu ya usiku

Mtu wa namna hiyo yupo tayari, Fundi. Ni afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Watu humwona siku ya kutoka wodini tu, wakiomba bili ipunguzwe. Mimi ningeanzia hapo: siku ya kliniki ya presha ahamishe kiti chake aje akae na sisi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka foleni iishe.