Kikundi cha Ukoo: Shangazi Anawekewa Kofia ya Jino

Shangazi: Habari za jioni wapendwa. Kesho naanza kuwekewa kofia, kile kifuniko kigumu cha jino, kwenye lile gego nililotibiwa mzizi. Nina hofu kweli. Aliyewahi kuwekewa aniambie linakuwaje.

Bibi: Si uling'oe tu mwanangu? Mimi nimeng'oa mengi na bado nakula.

Daktari Wetu: Shikamoo bibi, shikamoo shangazi. Bibi, mizizi ya hilo jino bado imeshika vizuri, ni hasara kuling'oa. Ila limetobolewa sana katikati, kuta zimebaki nyembamba. Likikutana na mfupa wa mbuzi linaweza kupasuka mpaka chini, na hapo hakuna wa kuliokoa. Kofia inalibana kwa nje, kama pete ya chuma kwenye mpini wa jembe.

Bibi: Marahaba. Haya, nimeelewa.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Sasa kesho wananifanya nini?

Daktari Wetu: Kwanza ganzi. Hata kama jino halina mshipa tena, ufizi unahisi, kwa hiyo usiikatae sindano. Kisha linasagwa juu na pande zote, kama milimita 1 hadi 2, kutegemea aina ya kofia. Utasikia mlio na maji mengi mdomoni. Ukisikia maumivu, inua mkono wakuongeze ganzi, usivumilie. Baada ya hapo unang'ata kisinia chenye uji mzito mpaka ugande, ndiyo chapa ya jino inayopelekwa maabara inakotengenezwa kofia. Kliniki nyingine wanatumia skana, kamera ndogo inayochukua umbo la jino.

Kaka Mdogo: Kwa hiyo kesho harudi na jino lake kamili?

Daktari Wetu: Mara nyingi ni wiki 1 hadi 3. Kesho anarudi na kofia ya muda.

Mama Mdogo: Wifi, hiyo ya muda ndiyo ya kuiangalia! Kashata, halua, ubani wa kutafuna, weka kando. Tafunia upande wa pili. Yangu ilitoka usiku, nikaihifadhi kwenye kitambaa safi, asubuhi nikampigia daktari akaibandika tena.

Daktari Wetu: Hivyo hivyo, mama mdogo. Na mtu asithubutu kuibandika kwa gundi ya dukani.

Baba Mkubwa (Arusha): Na mimi nina swali. Binti yangu ana miaka 19, meno yake ni ya kahawia kwa sababu ya maji yetu huku. Kliniki moja imemshauri avalishwe kofia meno yote ya mbele yawe meupe. Nashindwa kuamua.

Daktari Wetu: Shikamoo baba mkubwa. Hapo naomba msiharakishe kabisa. Rangi hiyo inatokana na madini ya floridi kuwa mengi kwenye maji aliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanajengeka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka Meru na Kilimanjaro vinazidi hapo. Kama meno yenyewe hayajavunjika wala kumomonyoka, kuyasaga kwa ajili ya rangi tu kunaniuma. Kilichosagwa hakioti tena. Kofia nyingi hudumu miaka 10 hadi 15, baadhi zaidi, kwa hiyo msichana wa miaka 19 atazibadilisha tena na tena. Aulizie kwanza kusugua tabaka la juu kwa dawa, kupausha, au kupakwa resini nyeupe, ule ujazo wa rangi ya jino, kwa mbele. Na aonwe na daktari wa pili.

Baba Mkubwa (Arusha): Marahaba. Nitampigia sasa hivi asubiri. Na wajukuu hawa wadogo? Tunawachemshia maji.

Daktari Wetu: Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi inabaki palepale. Wapeni maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Walio chini ya miaka 8 ndio wa kulindwa hasa.

Shangazi: Mwanangu, nikirudi kuvalishwa yenyewe?

Daktari Wetu: Hapo ni kazi fupi. Watakung'atisha karatasi ya rangi kuona kama inagota kabla ya meno mengine. Ikigota sema kabla haijabandikwa, na hata ukifika nyumbani ukaona bado, rudi wairekebishe. Kwa gego chagua uimara: zirkonia, ambayo ni kauri nyeupe ngumu sana, au chuma kilichofunikwa kaure. Ufizi kuuma siku chache ni kawaida, maumivu yanayozidi si kawaida. Na upige mswaki vizuri ukingoni mwa ufizi, kwa sababu kofia haiozi lakini jino lililo chini yake linaoza.

Kaka Mdogo: Bima je?

Daktari Wetu: Apige simu kabla ya kusagwa. Aombe na bei yote kwa maandishi, pamoja na ya maabara.

Shangazi: Nile asubuhi au niende na njaa?

Daktari Wetu: Kula ushibe, shangazi. Ganzi inakaa saa kadhaa, ukila nayo utajing'ata shavu.

Mama Mdogo: Saa moja niko kwako na chapati, wifi. Tutakwenda pamoja.