Tupeane uzoefu: "Ndio Mzee" ya Professor Jay ilikukuta wapi?

Kaseti Ya Pili
Wakuu, habari za usiku. Leo jioni kwenye daladala dereva kaweka Ndio Mzee, gari zima likaanza kuitikia, konda akiongoza. Kuna mama mtu mzima kapakata kikapu, naye yumo. Kijana wa siti ya mbele akauliza, eti huo ni wimbo wa kampeni wa chama gani. Dah! Wimbo wa Bongo Fleva wa 2001 huo, albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Wewe ulikukuta wapi, na ulikufanyia nini? Ambao hamkuwa mmezaliwa kaeni hapo chini mtusikilize.

Mtu wa Tandika
Sisi tulikuwa tunauvizia redioni, kaseti tupu imeshaingia kwenye deki, kidole kiko kwenye kitufe. Ukishabonyeza tu, mtangazaji anaanza kutuma salamu katikati ya ubeti. Kopi yangu niliikariri na salamu zake humo humo. Mpaka leo nikisikia wimbo wenyewe mtupu naona kama kuna mtu hajafika.

Shangazi Kaja
😂😂 Salamu zimfikie mjomba Tanga na wote wanaonifahamu.

Chaki Nyeupe
Nyumbani kwetu mzee alikuwa hataki hata kusikia muziki wa kizazi kipya. Uhuni mtupu, basi. Chemsha Bongo ya Hard Blasters, kundi la Jay la awali, ilimlegeza kidogo, nilimkuta kasimama mlangoni anajifanya anatafuta miwani. Ilipotoka hii akawa ananiita mwenyewe: "Hebu weka ile ya mgombea."

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na bado naona siri ya wimbo ule ni uhusika. Jay hakulalamika wala hakumtukana mtu. Kavaa koti la mgombea, kapanda jukwaani, anamwaga ahadi: mabomba yatoe maziwa, wanafunzi wakafanye practical mwezini, na umati unaitikia tu, "Ndio mzee!" Sasa utamkamata kwa lipi, kwa kuahidi maziwa? Halafu tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kwenye uchaguzi wa 2000, hotuba bado zinalia masikioni mwetu. Mimi naona aliyechapwa zaidi pale ni yule anayeitikia.

Kinanda Kibovu
Mwalimu umeongea vizuri ila mnamsahau prodyuza wake, P-Funk Majani. Bila Majani na studio yake ya Bongo Records hiyo ni hotuba tu, isomeni kwenye mkutano wa kijiji muone kama kuna mtu atacheza.

Mtu wa Tandika
Acha hizo. Jay alikuwa moto tangu anaitwa Nigga J.

Kinanda Kibovu
Moto bila jiko unaunguza nyumba. Msikilize biti ilivyoachwa wazi ili kila neno lisikike. Hiyo ni kazi ya prodyuza. Siku hizi ngoma zimejaa makelele, msanii anaonekana kama anaomba msaada kutoka ndani ya pipa.

Jirani wa Nairobi
Watu wa Bongo nawaheshimu, lakini wimbo uliowahi kutingisha serikali ukanda huu ni Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji. 2002, muungano wa upinzani wa Kenya, NARC, waliuchukua, wakaimba nao kila mahali na chama tawala KANU kikaenda nyumbani baada ya miaka karibu 40. Ndio Mzee iliangusha nani?

Shangazi Kaja
Iliangusha heshima ya hotuba. Tangu siku hiyo mgeni rasmi akiahidi kitu, kuna mtu nyuma anacheka.

Balozi Mtoto
Hapo kwenye mgeni rasmi umenitonesha kidonda. Naomba nafasi, ni ndefu.

Shule ya kutwa, mkoa siutaji. Mahafali ya kidato cha nne. Mgeni rasmi mtu mzito kwenye chama, maturubai yamefungwa, kwaya imeimba, wazazi wamejaa. Mzee wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa hiyo kakaa meza kuu, suti ya Kaunda imepigwa pasi mpaka inang'aa. Mgeni akaanza: nitawaletea kompyuta. Kimya. Nitawajengea maabara. Nyuma yangu mtu akaitikia kwa sauti nzito, "Ndio mzee!" Wanafunzi tukapasuka. Yule bwana hakuwa anaujua wimbo, akadhani anashangiliwa! Akaongeza: bweni. Sasa shule nzima, "Ndio mzee!" Basi la shule. "Ndio mzee!" Kila tukiitikia anazidi kupanda, jasho linamtoka, anatabasamu, kafika mpaka kwenye uwanja wa mpira wenye taa. Mkuu wa shule yeye alikuwa anaujua. Nilimwona anavyoinamisha kichwa, halafu akanyanyua macho akayatua kwangu. Mimi, ambaye sikuanzisha. Na mzee wangu akafuata yale macho

Balozi Mtoto
Samahani wakuu umeme umekatika, simu ina asilimia 3. Narudi.

Mtu wa Tandika
Weweee! Usitufanyie hivyo.

Chaki Nyeupe
Mkuu tafuta power bank, azima kwa jirani, uza kuku.

Jirani wa Nairobi
Nimeacha mambo ya Unbwogable. Baba alifanya nini?

Binti Kilosa
Wakati tunamsubiri, mimi niko jimboni kwa Jay kabisa, Mikumi. 2015 alipogombea kwa CHADEMA, watu kwenye mikutano walikuwa wanamjibu kwa wimbo wake mwenyewe. Akisema maji, unajua tutajibuje. Alishinda, akakaa bungeni hadi 2020.

Kinanda Kibovu
Na maziwa yalitoka bombani?

Binti Kilosa
Mbunge wa upinzani anagawa bajeti ya nani? Usinichokoze usiku huu. Alipougua sana 2022 hata waliompinga walimwombea.

Dogo Mistari
Shikamooni wakubwa. Mimi nachana, nataka kutoa ngoma ya siasa kama ile. Nianzie wapi?

Chaki Nyeupe
Marahaba. Usitaje jina la mtu. Tengeneza mhusika, mpe sauti yake, mwache ajiumbue mwenyewe.

Mtu wa Tandika
Taja majina! Unaogopa nini?

Shangazi Kaja
Anaogopa ya Nay wa Mitego. 2017 kaimba Wapo, akakamatwa Morogoro, Baraza la Sanaa, BASATA, wakaufungia, halafu Rais Magufuli akasema aachiwe na wimbo upigwe. Wewe una uhakika simu itapigwa kwa ajili yako? Mdogo wangu imba mapenzi ulipe kodi.

Kinanda Kibovu
Mapenzi wameimba wote. Tafuta prodyuza anayejua kunyamaza.

Balozi Mtoto
Nimerudi. Mzee hakunigusa. Mkuu wa shule ndiye aliyenichapa, mimi na wenzangu watatu, na cheti changu cha tabia njema kikacheleweshwa mpaka nikakosa nafasi ya chuo mwaka ule. Hilo bado linaniuma. Mzee njia nzima kimya, tumefika nyumbani akaniambia, "Kompyuta zikija utaniambia." Akaenda kulala.

Jirani wa Nairobi
Na zilikuja?

Balozi Mtoto
Jirani, unaniuliza nini tena.

Dogo Mistari
Nimeshapata biti. Niiweke hapa?

Kinanda Kibovu
Weka tuisikie. Kama ni amapiano futa kabla sijafungua.