Sukari ya mimba na kondo la nyuma, naomba ushauri
Wakuu habari zenu, wife ana mimba ya miezi sita, kliniki wamemnywesha ile glukosi gramu 75 wakampima ikaonekana ana sukari ya mimba, kabla hajala ilisoma 5.6 wakati inatakiwa isifike 5.1. Dawa hajapewa, kaambiwa apunguze wanga na atembee, basi.

Sasa mie nikaanza kusoma soma (ndo ugonjwa wangu huo) nikakuta kumbe kondo la nyuma sio bomba tu la kupitisha chakula, lina jeni zinazowashwa na kuzimwa kulingana na mama anakula nini na sukari yake ikoje. Kuna vialama vya methili (vikemikali vidogo) vinakaa kwenye DNA, ndo vinasaidia kuwasha na kuzima hizo jeni, mwili unavitengeneza kwa msaada wa virutubisho vya foleti, kolini na vitamini B12, yaani mchicha, maharage, mayai, dagaa. Na kwa wenye sukari ya mimba wameona hadi jeni ya leptini (homoni ya shibe) kwenye kondo alama zake zinabadilika. Waliotungwa mimba kwenye njaa ya Uholanzi ya 1944-45, alama za jeni ya IGF2 (inahusika na ukuaji) zilikutwa tofauti miaka kama 60 baadaye!

Akishusha sukari saa hizi bado inamsaidia mtoto au? Foliki (foleti ya vidonge) aongeze juu ya vidonge vya damu vya kliniki, au zikizidi nazo shida? Halafu mama mkwe anamshindilia uji wenye sukari asubuhi na jioni, namwambiaje bila kumkosea adabu? Manesi, maafisa lishe na mliopitia, karibuni.