Molekuli sita za maji kwenye baridi kali: bondi zinavunjikaje?

Swali
Habari wakuu. Hili jambo limeninyima usingizi wiki nzima. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba kwenye kishada cha molekuli sita za maji, molekuli mbili hugeuka pamoja na kuvunja kwa mpigo bondi mbili za haidrojeni, yaani mivutano ambayo haidrojeni ya molekuli moja hushikana na oksijeni ya jirani. Lakini vishada hivyo hupozwa hadi kelvini chache tu juu ya sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa! Nishati inatoka wapi? Nimekiunda kwa udongo na njiti za kiberiti: pembetatu mbili, moja juu ya nyingine, bondi tisa. Kila nikigeuza molekuli moja, njiti inachomoka.

Jibu la kwanza
Mkuu, kishada chako kiko sawa, ila udongo ni mzito. Haidrojeni ni nyepesi mno. Haikai kwenye nukta moja, imetandaa kama wimbi, na ukingo wa wimbi hilo unafika hadi ng'ambo ya kizuizi, yaani kile kilima cha nishati kinachotenganisha mkao mmoja na mwingine. Ndiyo maana inapenya bila kuwa na nishati ya kukiruka.

Muuliza swali
Nashukuru. Ila walijuaje? Hakuna aliyeiona ikipenya.

Jibu la pili
Waliisoma kwenye spektra, yaani ile mistari inayoonyesha masafa ambayo kishada kinafyonza au kutoa. Kishada kinachozunguka hufyonza na kutoa maikrowevu kwa masafa yake maalumu. Kikibaki kwenye umbo moja, kwenye kila masafa hayo unapata mstari mmoja. Wao walikuta mistari imepasuka, imebanana kama nywele. Kuna maumbo yanayofanana kabisa, tofauti ni haidrojeni ipi imekaa wapi tu, na kupenya ndiko kunakoyaunganisha. Kupenya kukiwa rahisi, mpasuko unapanuka. Weka deuteri, haidrojeni nzito ambayo uzito wake ni kama mara mbili ya ile ya kawaida, mpasuko unasinyaa sana. Mimi hapo ndipo nilipoamini.

Jibu la tatu
Kwenye molekuli mbili tu, ile inayopokea bondi inaweza kubadilisha nafasi za haidrojeni zake bila kuvunja chochote. Hii ya molekuli sita, inayovunja bondi, ndiyo iliyoshangaza watu. Ndugu, usigeuze moja. Geuza mbili kwa pamoja, kama gia zilizoumana meno.

Muuliza swali
Nimefanya hivyo sasa hivi, kidole gumba kwenye kila molekuli. Njiti mbili zimechomoka pamoja, na nilipomaliza kugeuza zimepata pa kuingia tena. Haidrojeni zimebadilishana nafasi, umbo ni lile lile! Naanza kuunda pete ya molekuli tatu.